Hoteli ya jibini tupu Same: nani atakula, nani atalipa?

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kupata habari za mahindi, maharage, mchele wa Ndungu na tangawizi ya Mamba Miamba. Wiki hii naomba radhi nitoke kidogo nje ya magunia. Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyenijia na daftari lenye hesabu zilizopigwa mistari kwa rula, akitaka nimwambie kama zimekaa sawa. Anakusudia kufungua hoteli mjini Same, si mbali na barabara kuu, ambayo haitauza nyama, haitauza samaki, wala haitauza wali maharage. Itauza vyakula vya jibini peke yake. Mtaji ni kiinua mgongo chake, na wenzake wawili, wastaafu kama yeye, wamekubali kutia mkono.

Nilicheka. Mwalimu hakucheka. Akafungua ukurasa wa pili wa daftari.

Waliosikia habari hii pale stendi wanasema mzee kachanganyikiwa, kwamba Mpare aliyelelewa kwa makande atamlisha nani jibini. Watani wetu Wachaga, wanaosema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, wamepata kichekesho kipya cha mwaka mzima. Mimi sisemi kachanganyikiwa. Nasema ameanza na mlango wa mbele wakati biashara hii huingiwa kwa mlango wa nyuma. Na kwa kuwa wapo wastaafu wengi wanaotembea na fedha mfukoni wakitafuta cha kufanya, nimeona hesabu za Mwalimu zijadiliwe hapa hadharani, kwa ruhusa yake.

Kwanza tumtendee haki. Hoteli ya kitu kimoja si jambo geni kwetu. Nyama choma ni hoteli ya kitu kimoja. Supu ya asubuhi ni hoteli ya kitu kimoja, na kibanda cha chipsi mayai vilevile. Faida yake inajulikana: stoo ndogo, mpishi mmoja anayejua kazi moja, na chakula kinacholala ni kidogo. Mwenye hoteli ya vyakula kumi na viwili hutupa vinne kila jioni, naye huita hasara hiyo bahati mbaya.

Pili, maziwa yapo. Milima ya Pare, kuanzia Ugweno na Usangi upande wa Mwanga hadi Suji, Mbaga na Chome upande wa Same, ina ng'ombe wa kisasa wanaofugwa bandani na kuletewa majani. Wakati wa masika majani ni mengi, maziwa yanazidi, na barabara za milimani zinateleza kiasi kwamba dumu la maziwa linafika stendi likiwa limechelewa, mara nyingine limeganda lenyewe bila kuombwa. Mama mmoja muuza maziwa niliyemkuta asubuhi aliniambia: "Baba, mwezi wa nne nauza kwa bei ya kuomba. Mwezi wa tisa wewe ndiye unayeniomba." Maneno hayo ndiyo sababu jibini ilibuniwa duniani. Jibini ni namna ya kuweka maziwa ya mwezi wa nne yakaliwe mwezi wa tisa. Mahindi tunayaweka ghalani, maharage tunayatia dawa na kuyafungia kwenye magunia, lakini maziwa ya masika tunayaacha yapotee.

Tatu, na hili Mwalimu alilisema kwa sauti ya chini kama mtu anayefichua siri ya biashara, Upare ni nchi ya Waadventista Wasabato. Misheni yao ya kwanza hapa nchini ilianza mwaka 1903 katika milima hiihii ya Pare ya Kusini, na wapo waumini wengi wasiokula nyama kabisa. Mtu wa namna hiyo akisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Moshi, hoteli za njiani zinampa nini? Chipsi kavu na soda. Hoteli isiyo na nyama jikoni, ambayo sufuria zake hazijawahi kupita kitimoto, ingekuwa na wateja wake kabla haijapakwa rangi.

Hapo ndipo nilipomsimamisha Mwalimu. Kwa Wasabato wa msimamo, jibini yenyewe ni jambo la mjadala. Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa hilo, katika kitabu chake cha afya cha mwaka 1905 aliiweka jibini katika vyakula visivyofaa kuliwa. Wapo waumini leo wanaosema makatazo yale yalihusu jibini kali iliyokaa muda mrefu, na kwamba ile laini, iliyogandishwa leo na kuliwa kesho, haina neno. Wapo wasiotaka kusikia habari yake kabisa. Sina ubavu wa kuamua mambo ya dini katika ukurasa wa masoko. Ninachosema ni kwamba kundi la wateja ambalo daftari limeliandika kama mtaji linaweza kugawanyika nusu kwa nusu siku ya ufunguzi, na siku ya Jumamosi lote litakuwa kanisani.

Kuna na suala la dawa ya kugandishia, ile wanayoiita renneti. Ya asili hutoka katika tumbo la ndama. Waislamu wa Usangi na Ugweno watauliza ndama huyo alichinjwa na nani, nao wana haki ya kuuliza. Wasiokula nyama watauliza kwa nini kuna ndama katika chakula kisicho na nyama. Ipo renneti isiyotokana na mnyama, inauzwa, nayo inamaliza maswali yote mawili kwa mpigo. Lakini katika daftari nilikuta neno "renneti" mara moja tu, na mbele yake bei. Anayefungua hoteli ya jibini Upare lazima aweze kumwonyesha mteja chupa, akasoma mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi huumia. Bei ninazotumia hapa chini ni za kukadiria, kwa ajili ya mfano tu. Ondoa zangu, weka zako.

Jibini ngumu hula maziwa mengi. Lita kumi hutoa kilo moja, pungufu kidogo au zaidi kidogo kwa kutegemea mafuta ya maziwa. Tuchukulie lita imefika mjini kwa shilingi 1,400 pamoja na usafiri wa bodaboda. Lita kumi ni 14,000. Weka kuni au gesi, chumvi, renneti na mkono wa mtu, tuseme 4,000. Kilo moja imesimama 18,000, na bado haijaliwa, maana inapaswa kukaa wiki kadhaa mahali penye baridi ikipungua uzito. Gramu mia moja kwenye sahani ni shilingi 1,800. Ongeza mkate au viazi, mafuta, nyanya na mkaa, 1,500. Sahani imegharimu 3,300 kabla hujalipa pango wala mshahara. Ukitaka kuishi, utaiuza 6,000. Jirani yako anauza sahani ya makande yenye kushibisha kwa chini ya nusu ya hapo.

Jibini laini ni hadithi nyingine. Maziwa huchemshwa, hugandishwa kwa ndimu au siki, huchujwa kwa kitambaa safi na kukandamizwa kwa jiwe. Kwa kukadiria, lita sita zinatosha kilo moja. Kwa bei zilezile ni 8,400, na matumizi mengine 2,000, jumla 10,400. Gramu mia ni shilingi 1,040. Inaliwa siku hiyohiyo, haihitaji renneti wala chumba cha baridi cha wiki sita. Wahindi huikaanga na kuitia katika mchuzi wa nyanya na mchicha mahali pa nyama, na sioni kwa nini mpishi wa Same ashindwe. Sahani hiyo, pamoja na vikorombwezo vyake vya 1,500, inagharimu 2,540. Iuze 4,500 na inabaki 1,960.

Tuseme pango, umeme, maji na wafanyakazi wawili ni shilingi 900,000 kwa mwezi, na umefungua siku 26. Kila siku unadaiwa karibu 34,600 kabla hujajilipa senti. Gawanya kwa 1,960: sahani kumi na nane. Ya kumi na tisa ndiyo ya kwanza kuwa yako. Daftari la Mwalimu lilikuwa na sahani sitini kwa siku tangu mwezi wa kwanza. Nikamuuliza sitini aliipata wapi. Akasema alihesabu mabasi.

Na kweli mabasi ni mengi. Barabara ya kutoka Segera kwenda Himo ndiyo mshipa wa Kaskazini, na magari ya Moshi na Arusha yote yanapita mbele ya Same. Lakini kupita si kusimama. Vituo vya kula vya njia hii vimejipanga Mombo na Korogwe kwa miaka mingi, kwa makubaliano kati ya wenye hoteli na wenye mabasi ambayo mimi na wewe hatukuitwa kuyasikiliza. Na hata basi likisimama Same, abiria ana dakika chache: ashuke, aende msalani, anunue, apande. Katika dakika hizo mtu hajifunzi chakula kipya. Anachukua anachokijua, akila huku akiangalia kama kondakta ameshaanza kupiga honi.

Wageni wa Hifadhi ya Mkomazi nao wamo katika daftari. Mkomazi ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, lango lake la Zange liko karibu na mji, na wanaokuja kuona faru na mbwa mwitu ni watu ambao jibini wanaijua tangu utotoni. Naam. Lakini mgeni wa namna hiyo hulala na kula alikolala, na asubuhi hupewa chakula cha kufungasha. Anayemuuzia jibini ni yule mwenye jiko la malazi. Kwa maneno mengine, mteja wa Mwalimu si mzungu mwenye kofia bali mpishi wa mzungu huyo. Huyo hanunui sahani. Hununua kilo mbili kila Jumatatu, kwa risiti, na anataka iwe ileile kila wiki.

Tazama walioifanya biashara hii wakafika mahali. Hapo jirani tu, ng'ambo ya bonde, kuna shamba la Irente karibu na Lushoto, mali ya Kanisa la Kilutheri. Wana ng'ombe, wanatengeneza jibini, jamu na mkate wa unga wa shayiri nyeusi, na mgeni anayekwenda kutazama mandhari hupewa sahani yenye vitu hivyo vyote akala chini ya miti. Hicho ndicho kitu cha karibu kabisa na hoteli ya jibini nilichowahi kukiona katika milima yetu. Angalia mpangilio wake: ng'ombe kwanza, jibini baadaye, na meza ikaja mwisho, kwa kuwa watu walikuwa wanakuja tayari.

Njombe ni vivyo hivyo. Wafugaji wadogo walijikusanya, wakapata ushirikiano wa shirika la Kiitaliano la CEFA, wakawa na kiwanda kinachotengeneza maziwa, mtindi na jibini za kienyeji cha Italia. Jibini ile haikungoja Wabena waizoee. Ilipandishwa gari ikaenda Dar es Salaam, kwenye piza. Kule Hai, akina mama wa Nronga walianzisha ushirika wao wa maziwa mwaka 1988 kwa kukusanya maziwa na kuyauza, bila mbwembwe. Tanga Fresh nayo ilianza miaka ya 1990 kwa maziwa na mtindi wa wafugaji wadogo. Wote hao walianza na kukusanya maziwa.

Jirani wa mbali anayenivutia zaidi ni Masisi, mashariki ya Kongo. Mapadri wa Kibelgiji waliwafundisha wafugaji wa milima ile kutengeneza jibini ya duara, ngumu kiasi, inayovumilia barabara mbaya. Leo inaitwa jibini ya Goma na watu wa kawaida huikata vipande wakala na ndizi. Pamoja na vita vya miaka ya 1990 vilivyomaliza mifugo, na Goma yenyewe kutekwa na M23 Januari 2025, jibini ile haijasahaulika. Hakuna hoteli iliyoieneza. Ilienezwa na wachuuzi waliokuwa tayari kumwonjesha mtu kipande bure kisha kumkatia robo kilo.

Na wale ambao Mwalimu aliwataja kwa heshima kubwa, Waswisi na sufuria yao ya jibini iliyoyeyushwa ambayo watu wazima huchovya mkate kwa zamu? Chakula kile kuwa chakula cha taifa zima ilikuwa kazi ya chama cha jibini cha nchi ile, kilichoanzishwa mwaka 1914 na kuvunjwa 1999, chenye nguvu ya kupanga bei na fedha za matangazo, ambacho kilikuwa na jibini nyingi kuliko walaji. Kama huna chama cha namna hiyo nyuma yako, gharama ya kuwafundisha watu kula inatoka mfukoni mwako. Hata London, mji wa watu wenye fedha za kuchezea, mfanyabiashara aliyefungua baa ya jibini huko Camden mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuuza mikate ya jibini barabarani kwa gari kabla hajathubutu kupanga jengo.

Kuna mambo mengine ya kitaalamu nayapitia haraka. Mji wa Same uko chini na una joto. Jibini ngumu inataka nyuzi kumi hadi kumi na tano. Baridi hiyo Mungu ameiweka bure kule juu, kwenye miteremko ya Shengena, si kwenye fremu ya bati iliyo karibu na lami. Kwa hiyo chumba cha kuivisha kiwe mlimani na meza iwe bondeni. Ukikiweka bondeni utakuwa unaifanyia kazi TANESCO. Maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano ya dawa hayagandi vizuri, na mfugaji hakwambii. Maziwa yaliyotiwa maji ndiyo usiseme. Kipimo cha maziwa kinunuliwe kabla ya viti. Madumu ya plastiki yaliyowahi kubeba mafuta ya kula yapigwe marufuku mlangoni. Bodi ya Maziwa na TBS wataulizwa mapema, si baada ya kuchapisha vibandiko. Maji, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa kilio cha Same, yamepata matumaini tangu mradi wa Same, Mwanga na Korogwe ulipozinduliwa Machi 2025, lakini weka tangi lako. Na katika kila lita kumi za maziwa, lita tisa hivi zitabaki kuwa maji ya jibini. Kwingineko hulishwa nguruwe. Kwetu nguruwe si mnyama wa kila nyumba, basi tafuta mwenye ndama mkubaliane bei.

Kwa hiyo nilimshauri Mwalimu hivi. Asijenge. Asinunue majokofu. Achukue sehemu moja tu ya kumi ya fedha zao watatu, apande basi hadi Mombo, akwee Lushoto, anunue jibini iliyokwisha kutengenezwa na watu wanaojua. Arudi aweke meza moja na jiko moja stendi, auze mkate uliobanwa jibini na nyanya, moto, ndani ya karatasi, kitu ambacho abiria atakula kwa mkono mmoja huku ameshika mtoto kwa mwingine. Akate kimoja vipande vidogo aonjeshe bure, na vipande hivyo aviandike daftarini kama gharama, si kama ukarimu. Aandike kila siku ni wangapi walinunua, na hasa ni wangapi walirudi. Wapita njia watamdanganya. Mwenye duka la jirani na karani wa halmashauri hawatamdanganya. Wakati huohuo, mkewe, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe ndiye mpishi, ajaribu ile jibini laini ya ndimu nyumbani kwa maziwa ya masika, kilo moja moja, na kuikaanga mahali pa nyama ndani ya makande.

Hilo la mwisho nililisema kwa utani. Mwalimu hakulichukua kwa utani. Alisema marehemu mama yake alikuwa akiimimina mtindi mzito juu ya makande, na kwamba hakuna Mpare atakayeikataa sahani hiyo akishaionja. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazungumzo niliona chakula ambacho mtu wa hapa angekilipia bila kuelezwa. Kama ni hivyo, makande ya jibini kwa shilingi 3,500 yanaweza kuzibeba sahani nyingine zote mgongoni, kwa kuwa mahindi na maharage ni rahisi na gramu hamsini za jibini zinatosha kuyabadilisha ladha. Lakini basi hoteli si ya jibini tupu tena, nikamwambia. Akajibu kwamba jina la kwenye kibao ni lake na atalipaka anavyotaka.

Wenzake wawili wamekubali kusubiri. Fedha zao ziko benki, nami nimewaomba ziendelee kukaa huko mpaka daftari la meza ya stendi lijae kurasa za miezi mitatu. Mwalimu, hata hivyo, alikuwa amekwisha kulipia fremu miezi sita kabla hajaja kuniuliza. Mwenye nyumba hataki kusikia habari za kurudisha. Kwa sasa amempangisha humo kijana muuza vocha, kwa nusu ya kodi.

Bei za mahindi na maharage zitarejea katika nafasi hii wiki ijayo.